Gari la Namba za Nje Lisikupangie Ukaazi Meksiko

Kuna watu wanaopewa nafasi ya kuishi Meksiko maisha yao yote, bila kuhuisha kadi na bila kuulizwa tena pensheni yao ni kiasi gani, nao wanaikataa. Sababu imeegeshwa nje: gari lenye namba za Texas au Ontario. Wanachukua ukaazi wa muda, wanashukuru, wanaondoka na funguo zao mfukoni. Katika miji iliyojaa wastaafu wa Marekani na Kanada, kuanzia Ajijic kando ya ziwa Chapala na San Miguel de Allende hadi Mazatlán na Mérida, mgeni mpya hachukui muda kuwauliza waliomtangulia: nichukue kadi ipi ili gari langu libaki?

Swali hilo limekaa kichwa chini miguu juu. Kadi inayoliruhusu gari libaki daima haipo. Ukaazi wa kudumu unalitoa gari leo, ukaazi wa muda unalitoa baadaye, na hiyo baadaye ina tarehe inayojulikana tangu siku ya kwanza. Anayechagua kadi kwa ajili ya gari ananunua muda, na nadhani wengi wanaununua kwa bei ambayo hawajaikokotoa.

Tuanze na sheria, maana hapa ndipo porojo huwa nyingi. Ibara ya 106 ya Sheria ya Forodha ya Meksiko inaruhusu gari la nje kuingia nchini kwa muda, bila kulipiwa ushuru, likiletwa na mgeni aliye mtalii au mwenye ukaazi wa muda. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo. Raia wa Meksiko anayeishi nchini naye hayumo. Kibali hutolewa na Banjercito, benki ya jeshi, kwenye vituo vyake vya mpakani au kwa maombi ya mtandaoni, na mwombaji huweka amana kulingana na umri wa gari: dola 200 za Marekani kwa gari la mwaka 2000 kurudi nyuma, dola 300 kwa la kati ya 2001 na 2006, dola 400 kwa la 2007 na kuendelea. Mtalii hupewa siku zisizozidi 180. Kwa mwenye ukaazi wa muda, kibali hufuata uhai wa kadi yake. Kadi ikiwa hai, na forodha ikijulishwa kila inapohuishwa, gari ni halali. Kadi ikifa, kibali kimekufa nayo.

Wageni wengi huiona sheria hii kama uonevu. Mimi siioni hivyo. Forodha inasamehe ushuru kwa sababu imeambiwa gari litaondoka. Amana ile ya dola 400 ndiyo rehani ya ahadi hiyo. Sasa mtu anapokwenda kwenye ofisi nyingine ya serikali hiyohiyo na kutamka kwamba yeye amehamia moja kwa moja, sababu ya msamaha imeondoka, na ameiondoa mwenyewe. Jirani yake raia wa Meksiko amelipia ushuru na kodi zote za gari lake. Kwa nini mkaazi wa kudumu, mwenye karibu kila haki ya raia isipokuwa kura, aendeshe gari lisilolipiwa kitu?

Penye kasoro ni pengine. Uhamiaji, yaani taasisi ya INM, inashughulika na watu. Forodha inashughulika na mali, nayo tangu Januari 2022 imekuwa wakala unaojitegemea baada ya kutolewa mikononi mwa mamlaka ya kodi, SAT. Ofisa wa uhamiaji anayekukabidhi kadi ya kudumu hana wajibu wa kukuuliza una gari gani. Atakupiga picha, atachukua alama za vidole, atakupongeza. Unatoka mlangoni ukiwa mkaazi wa kudumu, unawasha gari, na kuanzia kwenye maegesho unaendesha chombo ambacho kibali chake kimekosa msingi. Stika ya kibali iliyo kwenye kioo bado inang'aa na tarehe yake inaweza kuwa haijafika, lakini tarehe hiyo haikusaidii kitu.

Mkanganyiko huu una historia. Kabla ya Novemba 2012, wageni walikuwa chini ya mfumo wa zamani wa vijitabu vilivyojulikana kama FM3 na FM2. Wengi wao walihuisha mwaka baada ya mwaka, wengine kwa miongo, na magari yao yakakaa nao muda wote huo. Sheria ya Uhamiaji ya Mei 2011 ilifuta mfumo huo, na kanuni zake zilipoanza kutumika tarehe 9 Novemba 2012 yakabaki makundi matatu: mgeni wa kupita, mkaazi wa muda na mkaazi wa kudumu. Watu waliokuwa wamekaa miaka minne au zaidi walijikuta wanasukumwa kwenye ukaazi wa kudumu. Kadi waliipokea kwa furaha. Habari za gari zikawafikia baadaye. Mzee aliyekuwa ameendesha gari lilelile la Arizona tangu alipostaafu akaambiwa alipeleke mpakani au alilipie. Hofu unayoikuta leo miongoni mwa wageni imerithiwa kutoka kipindi kile, na pamoja nayo zimerithiwa mbinu nyingi za kukwepa, ambazo baadhi zimeshapitwa na wakati.

Mbinu ya kwanza ndiyo hii ya kung'ang'ania ukaazi wa muda. Inafanya kazi, ila tazama inavyofanya kazi. Kadi ya kwanza ni ya mwaka mmoja. Ukihuisha unaweza kupewa mwaka mmoja, miwili au mitatu, lakini jumla haivuki minne. Baada ya hapo unahamia kwenye ukaazi wa kudumu, au unaondoka. Hakuna mwaka wa tano. Kwa hiyo anayestahili kupewa ukaazi wa kudumu moja kwa moja, kwa mfano mstaafu mwenye pensheni nono, akichukua wa muda ili aokoe gari, ameliokoa kwa miaka minne tu. Gari lililoingia na umri wa miaka sita litaondoka na kumi. Muulize muuza magari yeyote thamani yake itakuwa imebaki kiasi gani.

Miaka hiyo minne nayo haiendi yenyewe. Kibali hakirefushwi kwa kuhuisha kadi peke yake. Kila ukipata kadi mpya, unatakiwa kuijulisha forodha kwa maandishi, ukiambatanisha nakala za kadi ya zamani na mpya, pasipoti na kibali chenyewe, kabla kibali hakijakwisha. Unapewa barua. Stika ya kioo haibadilishwi. Inabaki na tarehe yake ya zamani, na barua ile inakaa ndani ya gari siku zote, kwa ajili ya askari wa barabarani atakayesoma stika na kukuambia muda umepita. Wanaofanya jambo hili kwa wakati hawapati shida. Wanaosahau, na ni wengi kwa sababu uhamiaji hauwakumbushi, amana yao hutaifishwa na gari linakuwa haramu hata kama mwenye gari ana kadi safi kabisa.

Mtego mbaya kuliko wote uko mwanzoni kabisa. Mgeni aliyepata viza ya ukaazi wa muda kwenye ubalozi mdogo wa Meksiko nchini kwake huingia kwa fomu iliyoandikwa siku 30, maana ndani ya siku hizo lazima afike uhamiaji kuanza kubadilisha viza kuwa kadi. Banjercito inasoma fomu hiyo, inampa kibali cha gari cha siku 30. Hajui, au anajua na kudhani ni utaratibu wa muda tu utakaojirekebisha. Anafika Guanajuato, anapanga nyumba, anatafuta fundi wa bomba, anasubiri miadi ya uhamiaji. Kadi inapotoka, kibali kinaweza kuwa kimeshakufa. Na huyo angalau aliruhusiwa kuingia na gari. Mwenzake mwenye viza ya ukaazi wa kudumu akifika mpakani Nuevo Laredo na gari lililosheheni masanduku, jibu la dirishani ni fupi: hapana. Hapo anageuza gari, au anatafuta wakala wa forodha upande wa Texas, au anaanza kujuta.

Wapo wanaosema: miaka minne ikiisha, naiacha kadi ife, natoa gari, narudi ubalozini kuomba ukaazi wa muda upya. Mbinu hii ilikuwa na mantiki wakati fulani. Leo naiona ni kamari, na sababu ni kima cha chini cha mshahara cha Meksiko. Miongozo iliyochapishwa mwaka 2014 ilifunga kipato kinachotakiwa kwa ukaazi wa muda na siku 300 za kima cha chini kwa kila mwezi, na kwa ukaazi wa kudumu wa wastaafu siku 500. Mwaka 2018 kima cha chini kilikuwa peso 88.36 kwa siku. Mwaka 2025 kilikuwa peso 278.80. Kwa kanuni hiyo, mwombaji wa ukaazi wa muda aliyehitaji kuonyesha kiasi cha peso 26,500 kwa mwezi mwaka 2018 angehitaji zaidi ya peso 83,600 mwaka 2025. Balozi hutofautiana katika kukokotoa na kubadilisha fedha, lakini mwelekeo ni mmoja. Kwa mfanyakazi wa Meksiko nyongeza hiyo ni neema, na aliisubiri muda mrefu. Kwa mgeni aliyedhani ataingia tena kwa mlango uleule, mlango umepanda juu na pensheni yake imebaki palepale.

Hapa ndipo hesabu inapogeuka, na ndipo ninaposhangaa watu wanaolilia gari. Aliyemaliza miaka minne ya ukaazi wa muda anahamia kwenye wa kudumu bila kuonyesha tena taarifa za benki. Akiwa ndani, yuko ndani. Akilegeza mkono, arudi kwenye foleni na wanaoanza, kwa masharti ya leo. Mtu mwenye pensheni ya kawaida ambaye aliingia zamani kwa kipato ambacho sasa hakitoshi hana kitu cha thamani zaidi kuliko ile haki ya kuvuka kwenda kwenye kadi ya kudumu. Kuiuza kwa ajili ya gari la miaka kumi ni kujitia umaskini kwa hiari.

Ongeza na mengine. Mwenye kadi ya kudumu anafanya kazi bila kuomba ruhusa ya uhamiaji. Mwenye ya muda, isipokuwa aliyepewa kadi yenye ruhusa ya kazi, lazima aombe. Kadi ya kudumu ya mtu mzima haina tarehe ya mwisho, kwa hiyo ada inalipwa mara moja. Mwenye kutaka uraia anahitaji miaka mitano ya ukaazi, miwili kama ameoana na raia wa Meksiko au kama ametoka Amerika ya Kilatini au rasi ya Iberia. Miaka ya ukaazi wa muda inahesabiwa, ndiyo, lakini kwa kuwa inaishia minne, anayetaka mitano hana budi kupita kwenye wa kudumu. Anayeanza upya kila baada ya miaka minne anauweka uraia wake shakani kila mara.

Lakini je, gari haliwezi kulipiwa likawa la Meksiko? Baadhi yanaweza. Hapa wengi hudhani mwenye pesa hashindwi, kumbe kinachoamua kwanza ni mahali lilipoundwa. Chungulia chini ya kioo cha mbele upande wa dereva utaona namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17. Ikianza na 1, 4 au 5, gari limeundwa Marekani. 2 ni Kanada. 3 ni Meksiko. Ikianza na J ni Japani, K ni Korea Kusini, W ni Ujerumani. Jina la kampuni halikwambii chochote: Toyota Camry iliyotoka kiwandani Kentucky huanza na 4, ilhali Prius iliyoundwa Japani huanza na J. Ya kwanza ina njia, kwa kuwa mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini, NAFTA, uliifungua Meksiko hatua kwa hatua kwa magari yaliyotumika ya eneo hilo: mwaka 2009 yale ya miaka kumi na zaidi, kisha kila miaka miwili umri ukashuka, hadi kikwazo cha umri kikaondoka 2019. Mkataba mpya, T-MEC, uliochukua nafasi yake Julai 2020, umeirithi hali hiyo. Lakini uhuru wa mkataba unataka uthibitisho wa asili ya gari, na kuupata huo kutoka kwa mtengenezaji kwa gari moja la mstaafu mmoja ni kazi. Ndiyo maana njia inayotumiwa zaidi ni agizo la Julai 2011, linaloruhusu gari la umri wa miaka 8 au 9 kuingizwa kwa ushuru wa asilimia 10 bila cheti cha asili. Weka juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na malipo ya wakala wa forodha, ambaye hawezi kukwepwa.

Ndiyo kusema Prius yako ya Japani, hata ikiwa mpya na hata ukiwa na pesa mkononi, karibu haina njia. Mwenye gari la namna hiyo asijidanganye kwamba atalihalalisha siku ya mwisho ikifika.

Vipi kuhusu msamaha? Wengi wanautaja. Januari 2022 serikali ya Andrés Manuel López Obrador ilitoa agizo la kuyahalalisha magari ya magendo, yale ambayo Meksiko nzima huyaita *autos chocolate*, kwa malipo ya peso 2,500 tu, pesa ambazo zilielekezwa kwenye ukarabati wa barabara. Lilianzia majimbo ya kaskazini na muda wake ukaongezwa mara kadhaa. Watengenezaji na wauzaji wa magari walilipinga. Binafsi naona lilikuwa tusi kwa kila aliyewahi kufuata utaratibu: aliyepita njia ya panya alilipa kidogo kuliko aliyepita mlangoni. Lakini hata anayelitamani asome masharti: gari liwe limeshaingia Meksiko kufikia tarehe 19 Oktoba 2021, liwe na umri wa miaka minane au zaidi, na liwe limeundwa Amerika Kaskazini. Gari linaloingia leo halimo. Kupanga ukaazi wako kwa kutegemea kwamba kutakuja agizo lingine la namna hiyo ni kuishi kwa tetesi.

Jiografia nayo ina neno lake. Rasi yote ya Baja California, sehemu ya kaskazini-magharibi ya Sonora, jimbo la Quintana Roo na ukanda wa kilomita kama 20 kando ya mpaka wa kaskazini havihitaji kibali cha Banjercito. Mtu wa Ensenada au La Paz, kwenye rasi hiyo, anaposikia wenzake wa Jalisco, jimbo la Ajijic na Chapala, wanalia, anashangaa kelele za nini. Ila huyo wa La Paz akiamua kupanda feri kwenda Mazatlán na gari lake, anakutana na sheria palepale bandarini. Na wa Quintana Roo alifikaje huko kwa barabara bila kukatiza bara lote linalohitaji kibali? Kwa wengi eneo huru hilo ni kisiwa: ukishafika ni raha, kufika ndiyo kazi.

Kwa wanandoa kuna njia ambayo naiheshimu zaidi kuliko nyingine zote, kwa sababu haimdanganyi mtu. Sheria inaruhusu gari la mwenye kibali kuendeshwa pia na mume au mke wake, wazazi, watoto na kaka au dada zake, hata kama hao si wageni. Tuseme mke ana pensheni kubwa na anastahili ukaazi wa kudumu. Mume ndiye ambaye gari limeandikwa kwa jina lake. Mke anachukua wa kudumu, mume anabaki wa muda, kibali kinabaki halali na mke anashika usukani bila hofu. Rafiki wa Kimeksiko anaweza kuendesha mradi mwenye kibali yumo ndani ya gari. Fundi anayelijaribu peke yake, au kijana wa kuosha magari anayelipeleka mtaa wa pili, hayumo katika ruhusa hiyo. Lakini mpango huu una mwisho uleule wa miaka minne, na una hatari moja ambayo wanandoa hawapendi kuizungumzia. Mume akifariki, mjane anabaki na gari ambalo haruhusiwi kuliuza ndani ya nchi wala hawezi kuliombea kibali kwa jina lake, kwa kuwa yeye ni mkaazi wa kudumu. Katikati ya matanga anatakiwa kutafuta mtu wa kulivusha mpaka. Wanaoandika wosia waliweke na hili.

Kuna waliochukua kadi ya kudumu na wakaendelea kuendesha kimyakimya. Utawasikia wakijisifu kwamba miaka inapita na hakuna aliyewasimamisha. Inawezekana. Askari wengi wa mtaani hawajui tofauti ya kadi, na mstaafu mwenye mvi kwenye gari safi hasumbuliwi sana. Taabu haiko kwa askari. Siku ya ajali yenye majeruhi, bima ndiyo itakayouliza maswali. Bima ya Marekani au Kanada haitambuliki Meksiko kwa madhara uliyomsababishia mwingine. Lazima uwe na ya Meksiko, na kampuni iliyokukatia bima kwa gari halali ina kila sababu ya kuangalia kama siku hiyo lilikuwa halali kweli. Forodha nayo ikilikamata, linaingia kwenye mchakato wa kisheria ambao kwa kawaida gari halirudi. Anayelipa bima kila mwaka kwa gari ambalo bima inaweza kulikana hana bima, ana risiti.

Basi nani abaki na ukaazi wa muda? Nadhani ni mtu ambaye bado hajaamua. Aliyekuja kuonja maisha kwa mwaka au miwili, ambaye nyumba yake huko alikotoka haijauzwa, ambaye anavuka mpaka na gari mara kwa mara na anaweza kurudi moja kwa moja. Huyo kadi ya muda ndiyo inayosema ukweli wa maisha yake, na gari la namba za nje linamfaa. Ana faida pia kwamba anaweza kuliacha gari Meksiko akapanda ndege kwenda kuona wajukuu. Mwenye gari lililotengenezwa maalumu, tuseme lenye lifti ya kupandishia kiti cha magurudumu, naye nitamwelewa akibaki wa muda hadi mwaka wa nne. Gari hilo halipatikani kirahisi wala kwa bei nafuu.

Lakini aliyenunua nyumba, aliyefunga akaunti zake za kule, ambaye daktari wake yuko Guadalajara na marafiki zake wote wako Ajijic, huyo ameshahamia. Anachosubiri ni nini? Magari ya mitumba Meksiko ni ghali kuliko Marekani, kweli, na hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi. Lakini hayapotezi thamani haraka, vipuri vyake viko kila kona, na unaweza kuyauza siku yoyote kwa mtu yeyote. La namba za nje haliuziki kwa mtu yeyote ndani ya nchi nzima. Na ikiwa anakaa Mérida, safari ya kulirudisha Texas ni kama kilomita 2,000, zikiwa na mafuta, malazi na barabara za kulipia. Kutoka Chapala ni kama nusu yake. Safari hiyo ukiwa na miaka 66 ni matembezi. Ukiahirisha hadi 70 na goti limeanza kukataa, utamlipa mtu akuendeshee.

Kwa aliyekwisha kuamua, mpangilio wa hatua ndio unaookoa au kupoteza. Gari litoke kwanza, maombi ya ukaazi wa kudumu yafuate. Kwenye kituo cha Banjercito cha mpakani, kabla ya kuvuka, ofisa ataikagua namba ya chasisi, atabandua stika mwenyewe na kukupa risiti ya kurejesha gari. Amana inarudi kwa njia uliyolipia, mradi kibali hakijakwisha. Usiibandue stika mwenyewe nyumbani ukifikiri unamsaidia. Ikiwa kibali kimeshakwisha, kuna barua ya kurejesha salama ambayo mamlaka hutoa, inayokupa siku chache za kuendesha hadi mpakani bila kukamatwa. Amana imekwenda, gari limepona. Gari likiwa limeibiwa au kupondeka kabisa, forodha ipelekewe taarifa ya polisi, la sivyo kwenye mfumo litaendelea kuhesabika kwamba liko nchini kwa jina lako. Risiti ile itunzwe pamoja na hati ya nyumba, na ichukuliwe nakala, kwa kuwa ndiyo ushahidi pekee ulio nao kwamba gari liliondoka siku ambayo bado lilikuwa halali.